Tochi Mbili na Kichuguu

Muuzaji alisukuma mlango wa duka lake ukabaki wazi kwa upana wa kiganja, akazima taa, akaniambia nisogee kaunta. Ulikuwa mchana wa jua kali hapa Ifakara, lakini ndani ya chumba kile kisicho na dirisha tulikuwa kama watu walioshushwa kisimani. Nilikwenda kutafuta tochi kwa sababu umeme wa mtaani kwetu una tabia ya kuondoka bila kuaga, na nilidhani ningelipa na kutoka. Yeye aliiheshimu bidhaa yake zaidi ya hapo.

"Mama, usinunue boksi," alisema. "Maboksi yote yameandikwa uongo uleule. Tumulike, macho yenyewe yaseme."

Akamulika ukuta. Ya kwanza ilitoa mwanga mpana, mweupe wenye ubuluu kwa mbali, uliosambaa juu ya lipu kama maziwa yaliyomwagika. Ungefaa kutafutia kitu kilichoangukia uvunguni, si zaidi ya hapo. Ya pili ilikuwa fupi kuliko kidole changu cha kati, bomba la chuma zito, na mwanga wake ulikuwa mwembamba na mgumu kiasi kwamba niliona chembe za mchanga ndani ya lipu, kila moja na kivuli chake. Ya tatu ilianza kwa ukali wa kuzishinda zote mbili, lakini tulipokuwa tukiisifu ilikuwa tayari inarudi nyuma polepole, shingo yake ikipata moto mkononi mwa mwenyewe, naye asitambue.

"Hii fupi," alisema, "ukisimama Kivukoni ukaipiga ng'ambo, mvuvi anaanguka kutoka mtumbwini."

"Akianguka utamwokoa wewe?"

"Ataogelea, mama. Si ni mvuvi?"

Tukacheka, na katika kucheka mkono wake ukageuka, tochi ile fupi ikanipiga usoni. Aliomba radhi papo hapo, akaizima. Giza lililobaki mbele yangu halikuwa tena giza la dukani. Lilikuwa na doa la zambarau katikati na weusi mzito pembezoni, nami nilikuwa nimeshika kaunta kwa mikono miwili, kama mtoto aliyesimama katikati ya mpunga asijue umeficha nini. Muuzaji aliniuliza kama nina presha. Nilimwambia sina. Nilinunua ile fupi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa bora, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kuiandika hofu ile kwa mpangilio, pengine kwa sababu elimu niliyoipata ilinifundisha kwamba kitu kikiandikwa vizuri hutulia.

Wa rika langu mtakumbuka jinsi mwanga ulivyokuwa kitu cha kubembelezwa. Tochi ya nyumbani kwetu ilikuwa ya bati lenye mistari, ndefu, ya kuingiza betri tatu, na betri zilipochoka hazikutupwa. Tulizianika juani juu ya bati pamoja na dagaa, tukazigeuza kama tunavyogeuza dagaa, na jioni zilikuwa zimepata nguvu ya kuungaunga. Mwanga wake ulikuwa wa njano. Ulipofifia ulikuwa mwekundu, na watu walisema tochi "inaona aibu".

Mwaka ule mama alibaki nyumbani na mtoto mchanga, na kaka zangu walikuwa shule ya bweni. Mimi nilitolewa darasani kwa msimu mzima nikafuatana na baba kwenda kulinda mpunga bondeni, ng'ambo ya mto, kabla ya daraja kujengwa. Tulivuka kwa pantoni, tukatembea mpaka miguu yangu ikakataa, tukafika kwenye dungu letu: kibanda cha miti na nyasi kilichosimama juu ya nguzo ndefu, ngazi yake ya vijiti, na chini yake mpunga pande zote hadi macho yanapoishia. Kazi ilikuwa imegawanywa kwa namna inayojulikana na kila mtu wa bonde lile. Mchana mtoto anaamia ndege kwa kelele na kombeo. Jua likizama, mtoto anapanda juu, na mwanaume anabaki na debe la kupiga na tochi ya kumulika, kwa sababu huo ndio wakati viboko wanapotoka mtoni kuja kula.

Kulikuwa na desturi nyingine niliyoipenda. Giza lilipoingia, kila mwenye dungu alipanda ngazi yake, akaelekeza tochi kwa jirani, akawasha na kuzima mara tatu. Tuliita kuwashiana. Maana yake ilikuwa: tupo, hatujaliwa. Jirani naye alijibu. Kutoka juu niliona vimwanga vikipokezana bondeni, dungu hadi dungu, na nililala baada ya hapo tu. Lakini kuwashiana ilikuwa salamu ya wenye madungu. Mtoto hakugusa tochi, kama vile mtoto asivyomtangulia baba yake kumpa mgeni mkono. Na aliyewashiwa asijibu alikuwa katika mojawapo ya hali mbili. Ama amepatwa na jambo, na watu wangeamka wakamfuata. Ama, kama asubuhi alionekana mzima akitembea shambani, basi ana kisa na wewe, na amekutukana mbele ya bonde zima.

Baba alianza kulalamikia tochi tangu wiki ya kwanza. Aliitikisa, akaipiga kwenye paja, akafungua akaifuta globu kwa upindo wa shati. "Giza la mwaka huu ni zito," alisema. "Mwanga haupenyi."

Nilimwamini kama nilivyoamini katekisimu. Kwa akili yangu ya darasa la tatu, giza lilikuwa kitu kama maji ya mto: kuna mwaka linajaa kidogo, kuna mwaka linafurika. Nilianza kulipima. Palikuwa na kichuguu kikubwa karibu na dungu, chekundu, kirefu kuliko mtu, na kila jioni baba alipojaribu tochi pale nilitazama kama mwanga unafika. Mimi niliuona ukifika. Niliona hata mashimo ya mchwa. Baba akasema haufiki. Nilikuwa na macho mawili mazima, na nikaamua kwamba yananidanganya.

Siku moja alirudi kutoka Kivukoni na tochi mpya aliyoinunua kwa mchuuzi wa samaki. Ilikuwa fupi, ya chuma cheusi, betri mbili tu, na globu yake ndogo ilikuwa nyeupe kuliko kitu chochote nilichowahi kuona kikiwaka. Nikilinganisha na ile ya bati, ile ya bati ilikuwa kama mshumaa ndani ya chupa ya mafuta. Baba aliiwasha kwenye kichuguu. Kichuguu kikaruka mbele kama kimeitwa jina.

"Unaonaje?" aliniuliza.

"Inawaka sana, baba."

Aliiacha tochi imeelekezwa palepale. "Hata hii," alisema mwishowe. "Hata hii haipenyi."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ikiwa tochi ile ilishindwa, basi hakuna kitakachoweza. Nilijikunja kwenye mkeka juu ya dungu, nikahesabu sala nilizozijua, nikawa nasikiliza giza likipanda ngazi.

Kisha likaja jambo baya zaidi. Jirani yetu wa upande wa milima alikuwa Mzee Kasiani, mtu wa Mahenge, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali na utani usioisha. Jioni moja niliona tochi yake ikiwaka mara tatu. Baba alikuwa amesimama kwenye ngazi.

"Baba, kwa Mzee Kasiani wanawasha."

"Nimewaona siku nyingi," alisema, akainua tochi, akageukia mtoni. Akawasha mara tatu kuelekea mtoni.

Upande ule hapakuwa na dungu la mtu. Palikuwa na matete, halafu maji. Nilitazama, nikiomba nisione kitu kikijibu. Kesho yake akafanya vilevile, na kesho yake tena. Sikuthubutu kumwambia chochote. Nilijua sasa kwa nini giza la mwaka ule lilikuwa zito: lilikuwa na mtu wa kulisalimia, na mtu huyo alikuwa baba yangu.

Ninajua jinsi wazo hili linavyosikika kwa mtu mzima. Lakini mtoto aliye peke yake na mzazi mmoja, katikati ya bonde, hana mwingine wa kumuuliza isipokuwa yuleyule anayemwogopa. Mchana baba alikuwa baba. Alinichongea filimbi, alichagua mnofu wa kambale usio na miiba akaniwekea upande wangu wa sahani, ingawa mara nyingine mkono wake uliipita sahani ukatafuta mkekani. Jua likikaribia kuzama nilimwona akibadilika, akigusa nguzo moja baada ya nyingine.

Jioni ya kiboko tulikuwa tumechelewa kutoka dimbwini kuchota maji. Wekundu wa mwisho ulikuwa umekwisha angani. Baba alitangulia na ndoo na tochi, mimi nyuma yake na kidumu, katika kinjia chembamba ambamo mpunga ulinifika kifuani. Kwanza nikasikia harufu, kama ya zizi lililofurika maji. Halafu mwanga wa tochi ukapanda kutoka kwenye njia ukatua juu ya kitu nilichodhani ni ukuta, na ukuta ule ulikuwa na jicho.

Kiboko alisimama ubavu, mpunga umemning'inia mdomoni. Mwanga ulikuwa umempiga sawasawa. Niliona vinyweleo puani, niliona matope yaking'aa mgongoni. Baba aliendelea kutembea.

Aliendelea kutembea kumwelekea, bila kuharakisha, bila kupunguza mwendo, kama mtu anayemwendea mwenyeji wake. Wanafahamiana, nilifikiri. Ndiye huyu aliyekuwa akimwashia. Nilidondosha kidumu, nikamshika baba shati kwa mikono yote, nikajitupa chini.

"Nini wewe?"

"Kiboko."

"Wapi?"

Tochi ilikuwa bado juu yake. Hata haikutikisika.

"Wapi?" akauliza tena, na safari hii niliisikia sauti yake vizuri. Ilikuwa sauti yangu. Ilikuwa na woga uleule niliokuwa nao mimi juu ya mkeka, ila wake ulikuwa mkubwa na wa siku nyingi zaidi. "Tina, mwanangu, niambie. Mbele? Kushoto?"

"Mbele, baba. Unammulika."

Tulirudi kinyumenyume, yeye akinishika bega, mimi nikimwambia kanyaga hapa, kanyaga hapa. Kiboko alitusikiliza. Halafu akapumua kwa kishindo, akageuka, na mpunga ukavunjika kwa upana wa gari mpaka mtoni.

Juu ya dungu baba hakuwasha moto. Alikaa akiwa amenishika kifundo cha mguu, kama mtu anayechelea upepo utanichukua. "Usimwambie mama yako," alisema. "Wala usimwambie mtu. Wakijua sioni usiku, tutaondolewa shambani kabla mpunga haujakauka. Mwaka mzima tutakula nini? Mchana naona. Tena naona vizuri. Ni usiku tu."

Nikaitikia. Sikulala. Giza lilikuwa limeacha kuwa kitu kilichoko bondeni. Lilikuwa ndani ya mtu aliyepaswa kunilinda dhidi yake, na mimi sasa nilikuwa mlinzi wa wote wawili. Nilikuwa na kombeo la ndege.

Jioni iliyofuata Mzee Kasiani alikuja mwenyewe, tochi kwapani, akasimama chini ya ngazi bila kukaribia.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mama. Baba yako yupo, au naye amekatazwa kuongea na sisi Wapogoro?"

Baba alishuka. "Karibu, Kasiani."

"Sikaribii. Nimekukosea nini, Baba Tina? Nakuwashia, nakuwashia, mpaka mke wangu ananiambia niache kumbembeleza mwanaume mwenzangu. Asubuhi nakuona mzima, unapalilia. Usiku unawasalimia viboko. Kama nina kosa, lisemwe."

"Huna kosa. Tochi yako ni mbovu. Nitakionaje kibatari kutoka kule?"

"Kibatari!" Mzee Kasiani aliinua tochi yake, ndefu, ya fedha, yenye kichwa kama ua. "Hii imetoka Malinyi!"

"Basi itakuwa ilikuja kwa miguu ikachoka."

Mzee Kasiani alicheka bila kutaka, na nikadhani tumepona. Lakini alikuwa amekasirika kwa siku nyingi, na hasira ya siku nyingi inataka kazi. "Tupime," alisema. "Ile yako ya kidole na hii yangu. Kichuguu kile pale. Mtoto awe shahidi."

Giza lilikuwa limeshaingia. Walisimama bega kwa bega. Baba aliwasha yake, na duara jeupe, dogo, kali, likatua juu ya kichuguu. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo yeye angeweza kujua kwa sauti yangu kichuguu kiko wapi, kwa maana nilikuwa nikikohoa bila kikohozi. Mzee Kasiani akawasha yake, na duara pana la njano likafunika lile la kwanza.

"Yako ina ncha," Mzee Kasiani alikiri. "Yangu ina mapana. Zima yako, tuone yangu peke yake."

Baba akazima.

"Umeona? Mpaka kwenye mashina."

"Naona. Lakini ni hafifu."

Mzee Kasiani alimtazama. Sijui alichokiona katika mwanga ule uliorudi kutoka kwenye udongo. Labda alimwona baba ametazama juu kidogo ya kichuguu, angani. Akabonyeza swichi taratibu kwa kidole gumba, asisikike. Giza likafunga. Hakuna tochi iliyokuwa inawaka bondeni pale, hata moja.

"Na sasa?" aliuliza. "Nimeikaza kichwa. Sasa inafika?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kukohoa, na kikohozi hakikuja. Vyura walikuwa wakilia pande zote.

"Sasa imefika," baba alisema. "Lakini nyekundu mno, Kasiani. Betri zako zimechoka."

Nilimsubiri Mzee Kasiani acheke, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka, na nilijua akicheka nitamchukia maisha yangu yote. Alipumua tu. Nilisikia mkono wake ukitua juu ya bega la baba.

"Kweli," alisema. "Nyekundu kabisa. Umenishinda, Baba Tina. Na kwa tochi ya namna hii sitafika kwangu. Naomba nilale kwenu, na debe la leo nipige mimi. Nina usingizi mbaya siku hizi."

"Dungu ni lako," alijibu baba.

Usiku ule Mzee Kasiani alipiga debe na kuimba nyimbo za kanisani kwa maneno yasiyo ya kanisani. Alfajiri nilimsikia akisema na baba kwa sauti ya chini, na baba akikataa, na yeye akisema vijana wake wawili watalala katika dungu letu mpaka tutakaporudi, na baba akikataa tena, kwa unyonge zaidi. Jua lilipochomoza tulikuwa njiani kwenda hospitali, sisi watatu. Mzee Kasiani alituongoza kuvuka kwa pantoni akimtania kila mtu, ili pasiwe na nafasi ya kuulizwa tunakwenda wapi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alifunga pazia, chumba kikawa cha kijivu. Alikuwa na tochi ndogo kuliko ile ya baba, nyembamba kama kalamu, na mwanga wake ulikuwa nukta tu, safi, usio na kivuli. Alimwambia baba atazame pua yake, asiyageuze macho.

"Unaona mwanga?"

"Naona."

Akausogeza pembeni, upana wa viganja viwili. Mimi niliuona wazi kutoka kwenye benchi. Nilikuwa nimeshavuta pumzi nikohoe, lakini Mzee Kasiani aliyekaa kando yangu akanigusa goti, akatikisa kichwa.

"Na hapa, mzee?"

Vidole vya baba vilitambaa juu ya paja, vikitafuta kitu cha kushika, visikipate. Nilikuwa nimeomba usiku baada ya usiku aseme ukweli kwa mtu yeyote yule, ili niache kuwa peke yangu.

"Siuoni," alisema.

"Na hapa?"

"Siuoni."

Daktari alirudisha mwanga karibu zaidi, karibu kabisa na pua yake, mahali ambapo hata kipofu, nilifikiri, angehisi joto lake. "Na hapa?" Nami niliyetaka ukweli nikafumba macho, nikamsihi kimoyomoyo adanganye, mara moja tu zaidi, aseme anauona.